Dereva wa Treni ya Dirishani

Desemba ya mwaka 1969 treni ndogo ya dirishani, dukani kwa Umedbhai, ilizunguka bila sauti. Ilipita juu ya daraja la vijiti vya kiberiti, ikaingia kwenye pango la karatasi, ikatoka, ikaingia tena. Watu waliotoka misani walisimama nje ya kioo wakisubiri, na hakuna aliyesema anasubiri nini. Mtoto mmoja akajaribu kusema "tak-tak", mama yake akamfinya. Ndyamukama alikuwa amekufa mwezi Mei.

Kwa miaka minane sauti ya treni ile ilikuwa yeye.

Alikuwa fundi baiskeli, na kibanda chake kilikuwa kwenye baraza la duka lile lile, mjini Bukoba. Kwao Hamugembe walimwita Ta Dereva, yaani Mzee Dereva, kwa sababu aliporudi kutoka Mwanza mwaka 1950 alisema ameendesha treni miaka sita, Mwanza hadi Tabora na kurudi. Nani angempinga? Bukoba ilikuwa na meli, haikuwa na reli. Watu walimuuliza treni inakunywa nini, inalala wapi, ikikuta ng'ombe njiani inafanyaje, naye akajibu yote huku akimiminiwa rubisi, pombe ya ndizi. Uongo wenyewe aliusema mara moja tu, mbele ya wakwe zake. Baada ya hapo uliendelea wenyewe.

Ukweli ni kwamba alikuwa dobi. Alifua shuka na nguo za madereva, akazianika kando ya uwanja ambako injini zilipanga mabehewa, na kila injini iliyosogea ilimwaga masizi. Ndyamukama akajifunza kusikiliza. Kwa pumzi ya kwanza ya mvuke alijua ni injini ipi, inakuja au inakwenda, na kama atawahi kuanua. Alikwenda Mwanza kwa meli, akarudi kwa meli. Ndani ya treni hakuwahi kuingia.

Mwaka wa Uhuru, Umedbhai alileta kutoka Nairobi treni ndogo ya kutia ufunguo. Aliiweka dirishani kwa ajili ya Uhuru na Noeli kwa pamoja, na bendera mpya ya karatasi kwenye bomba la moshi.

"Inatembea kama paka," alilalamika. "Watu wanaiangalia, halafu wanakwenda kununua khanga kwa Jayant. Bwana Ndyamukama, wewe ulikuwa dereva. Ipe sauti."

Angeweza kukataa. Lakini Gamaliel, fundi cherehani wa baraza hilo hilo, alikuwa ameshasimamisha mashine ili asikie jibu.

"Nipe siku tatu," Ndyamukama alisema.

Alikata matete matatu ufukweni, akayafunga pamoja yakawa honi. Pampu ya baiskeli ikawa mvuke. Kopo la buni kavu likawa magurudumu, spana juu ya rimu ikawa maungio ya reli, na mnyororo mzee ukawa mabehewa yanayogongana. Kisha akajikunja chini ya meza ya dirishani, nyuma ya pazia la kitambaa cha marekani, magoti yakigusa masikio, akaanza.

Watoto walikimbia, wakarudi. Watu wazima walisogea. Gamaliel peke yake hakuridhika.

"Meli inalia vuuu mpaka vikombe vinatikisika," alisema. "Treni ni kubwa kuliko meli, wewe mwenyewe ulituambia. Mbona yako inalia kama mbuzi?"

"Gamaliel, umewahi kusikia treni?" sauti ikatoka chini ya meza.

"Sijawahi. Ila mbuzi namjua."

Watu wakacheka. Gamaliel akaona ameshashinda, akaongeza kwamba pale bandarini kuna mgeni, Omary, aliyekuwa gadi wa treni ya Tabora, yule anayeiruhusu kuondoka kwa bendera, kabla ya kuhamishiwa kwenye mizigo. Jumapili ijayo atamleta asikilize.

Wiki ile Ndyamukama alikula kidogo. Mkewe Klaudia alimsogezea sahani mara mbili, kisha akaacha. Miaka kumi na moja ya kuitwa Dereva, na yote sasa imo masikioni mwa Omary, Mnyamwezi asiyemjua.

Jumapili ilipofika, baraza lilijaa. Ndyamukama akapiga kila alichokijua: injini ikavuta pumzi, ikasogea, ikagonga mabehewa, ikapiga honi mbili fupi, ikarudi nyuma. Omary alisikiliza amefumba macho.

"Hiyo ni treni," alisema alipoyafumbua. "Hata ningekuwa kipofu."

Watu wakamgeukia Gamaliel, naye akakumbuka kwamba ana suruali ya kumalizia. Omary akachuchumaa kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, akafunua pembe ya pazia.

"Mzee, treni yako haiondoki," alinong'ona. "Inakwenda hatua hamsini, inarudi. Hiyo ni injini ya uwanjani Mwanza. Ulikuwa unafanya kazi gani pale?"

Ndyamukama alimtazama, matete yakiwa bado mdomoni. Akayatoa.

"Nilikuwa dobi."

"Ndiyo maana," Omary alisema. Akatupia jicho miguu ya watu barazani. "Na juu wanakuita dereva."

"Utawaambia?"

"Mimi ni gadi, mzee. Kazi yangu ni kupunga bendera ya kijani. Sogea kidogo."

Akaingia chini ya meza. Wakiwa wamebanana humo kama senene chupani, Omary alimfundisha safari kwa vifundo vya vidole juu ya kreti: reli inavyonyooka baada ya Malampaka na magurudumu kuanza kuimba, mlio unavyokuwa mtupu darajani, injini inavyolegea ikiikaribia Shinyanga. Nje watu walishangaa jinsi treni ilivyochangamka.

Nyumbani Ndyamukama alimwambia Klaudia yote. Klaudia aliendelea kumenya ndizi.

"Baba Jovita, dereva gani anakunja shuka namna ile?" alisema. "Nilijua tangu wiki ya kwanza."

Tangu siku hiyo, mtu akimuuliza aliendesha treni ipi, alijibu, "Ya dirishani kwa Umedbhai," na watu wakadhani anajishusha. Baada ya Azimio la Arusha, Gamaliel alimuuliza kama treni yake bado ina daraja la kwanza. "Sasa wote tunakaa la tatu," Ndyamukama alisema chini ya meza, "na tunafika saa ile ile."

Kaburi lake lipo Hamugembe, kibanjani kwake, kati ya migomba na mibuni miwili. Msalabani Klaudia aliandikisha jina la mumewe, na chini yake neno Dereva.