Nilivyoipikia magadi rimu ya gari la baba, harusi ya dada ikiwa mlangoni

"Dada, hii rimu ni chuma gani?"

Wakuu, hilo swali niliulizwa na fundi matairi wa Kongowe (ya Kibaha, siyo ile ya Dar). Mimi na digrii yangu nikajibu, "Ni alloy."

"Alloy ndiyo chuma gani?"

"Ni... alloy."

Alicheka mpaka akaweka spana chini.

Shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi. Hili sijahadithiwa, nimelifanya kwa mikono yangu, na ushahidi bado unatembea barabarani.

Iko hivi. Baba ana sedani ya zamani kuliko mimi. Injini iko vizuri, bodi inapendeza, ila rimu zilikuwa aibu. Vanishi imebanduka, zina madoa meupe kama ukurutu.

Dada yangu alikuwa anaolewa, na ndoa inafungwa Vihingo, Kisarawe, kwao baba. Mzee ndoto yake ilikuwa moja tu: amfikishe binti yake mwenyewe, kwa gari lake.

Kaka akasema gari lenye miguu ile litafanya tuchekwe mbele ya wakwe, na alishapanga la kukodi. Mzee akachukua kitambaa, akaenda kufuta vioo vya gari lake. Sikupenda kumwona vile.

Nikajitosa. "Nipeni wiki mbili, rimu zitang'aa."

Baba akasema, "Zikiwa tayari Alhamisi ya wiki ya harusi, tunakwenda na langu. Zisipokuwa tayari, la kaka yako."

Siku hiyo hiyo nikapiga jeki, nikazivua, nikazipeleka kwa fundi kutoa matairi. Akanielekeza: dawa ya kutolea rangi, halafu msasa wa maji kuanzia ule mkali, unapanda namba hadi laini kabisa, mwisho polish.

Nikauliza, kwa nini nisianze na laini? Kwa nini maji? Nani kathibitisha?

"Dada, mimi nazibua pancha, sijaandika kitabu."

Basi nikaingia mtandaoni. Nikaona jamaa anatoa rangi kwenye geti la chuma kwa costic soda, dakika chache tu, safi. Mama anatengeneza sabuni, costic ipo stoo. Sasa nijitese na msasa wa nini?

Nikavaa glovu, nikakoroga, nikamwagia rimu ya kwanza.

Wakuu, ilichemka! Mapovu, moshi, harufu ya kukaba koo. Nilipoisuuza, rangi imetoka kweli, lakini rimu nzima nyeusi kama chungu cha mkaa.

Baba akatoka na kikombe cha chai. Akaitazama. Akanitazama. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili.

"Zimebaki tatu," akasema, akarudi ndani.

Kesho yake shangazi akafika kutoka Vihingo kuja kusaidia maandalizi. Hata mzigo hajatua, akaiona.

"Eh! Nani kaipikia hii maharage ya magadi?"

Nikamwambia, shikamoo shangazi, hiyo ni rimu ya gari.

"Marahaba. Rimu ya gari, lakini ni sufuria. Hujaona sufuria ikipikiwa magadi inavyokuwa nyeusi? Chuo mlikuwa mnakula wapi?"

Hapo ndipo nikapata jibu la fundi. Alumini! Magadi na costic ni ndugu, na alumini haipatani nao.

Shangazi akachemsha ukwaju mzito, tukaipaka, tukasugua kwa makumbi ya nazi. Weusi ukaanza kuachia.

"Kwa nini ukwaju, siyo ndimu?" nikauliza.

"Kwa sababu ndimu nazitaka kwenye kachumbari."

Zile tatu nilizifanya kama fundi alivyosema, kwa adabu zote. Siku kumi za msasa na maji, kucha zikaisha. Alhamisi mchana zikafungwa. Ile ya magadi ina vidoti kama uso wa aliyepona tetekuwanga, nikaiweka nyuma, upande ambao bi harusi hashukii.

Jumamosi mzee aliendesha polepole hadi Vihingo, kifua mbele. Wakwe wakapiga picha na gari kabla ya kupiga na sisi.

Nilichojifunza: kuuliza siachi, ila siku hizi nauliza kabla ya kumwaga. Na jueni kwanza mnasugua chuma gani. Wenye uzoefu wa rimu za zamani, vile vidoti vinatoka, au niishi navyo? Mnaotaka kunicheka, karibuni pia.

Wiki iliyopita, harusi ikiwa imeshasahaulika, kaka akaniambia jambo ambalo sikulijua. Gari la kukodi halikuwepo. Mzee alimpigia simu mchana ule ule nilipopiga jeki, akamwambia aghairi kukodi.

"Na usimwambie mdogo wako," alimwambia, "ataanza kuuliza kwa nini."