Nyuma ya Ua wa Michongoma

Madam akinyunyiza marashi ya waridi sebuleni, hapa Jeddah, najua wageni wanakuja na mimi natakiwa nijifungie jikoni. Harufu hiyo hunipandisha hasira. Bustani ya mzungu mmoja wa Ireland kule kwetu ilinukia hivyo hivyo. Wageni wake wakifika, mimi, mama na vibarua wenzake tulijificha nyuma ya ua wa michongoma. Siku moja, Kiingereza changu cha shule kilinitosha kumwelewa akijigamba: "Maua haya yote aliyapanda babu yangu kwa mikono yake."

"Mwongo! Ni babu yangu mimi!" nikapayuka.

Mama akaniziba mdomo. "Nyamaza, tutafukuzwa!"

Kiganja chake kilinuka samadi na waridi. Niliking'ata mpaka damu ikatoka, na mama hakutoa sauti.