Istihara ya Mongia Mpika Marashi

Pale Nabeul, mji wa pwani ya Tunisia, ukitaka kumwona Mongia, fuata harufu. Midanzi, ile michungwa michungu, ikichanua mtaa mzima hunukia, lakini nyumba yake hunukia zaidi, maana ndiye mpika marashi ambaye kina mama humletea maua yao kwa vikapu. Sufuria lake la shaba alilirithi kwa mama yake. Kile kichwa cha udongo kinachokaa juu, cha kupozea mvuke, hufinyangwa na Hedi wa mtaa wa juu, na kwa kuwa udongo ni udongo, kikipasuka Hedi huleta kipya.

Jambo la pili ajulikanalo nalo ni istihara, ile sala ya kumwuliza Mungu kabla ya kuamua jambo, kisha ukalala ungoje ishara. Wengine huswali rakaa zao mbili wakitaka kuoza binti au kusafiri. Mongia huswali hata akitaka kununua kuku. Aliwahi kukataa zulia zuri sana kwa sababu aliamka kifua kizito, na mwenye zulia akaapa kwamba kifua kililemewa na maharage ya usiku. Hakujali. Anaamini mpaka leo kwamba Mungu hamwachi mja Wake njiani bila kumshika mkono, na kila mtu hushikwa mkono wake mwenyewe.

"Mungu hapigi mbiu," husema. "Humnong'oneza kila mmoja sikioni mwake."

Basi mwaka mmoja, maua yakiwa ndiyo yanaanza, Hedi alileta kichwa kipya. Alikuwa mgane wa miaka mingi, na Mongia mjane. Alikiweka chini, akakifuta vumbi ambalo halikuwapo, akasema, "Lella Mongia, binti yangu aliye mjini Sfax ananitaka nikakae kwake. Nimemwambia nitakwenda maua yakiisha. Labda wewe uniambie nibaki."

"Ubaki ufanye nini, Si Hedi?" Kwao "Si" ni bwana, kama "Lella" ilivyo bibi.

"Nile chakula chako, na wewe unigombeze kwamba naingiza udongo ndani. Mambo ya mume na mke."

Mongia akajiziba mdomo kwa ncha ya kitambaa. "Nitamwuliza Mungu."

"Mwulize. Mimi nimeshauliza."

Ameambiwa nini, Mongia hakumwuliza. La mtu ni la mtu.

Akaswali, akalala, akaamka bila ishara yoyote. Akaswali tena, vilevile. Asubuhi jirani yake Beya akachungulia juu ya ukuta kabla hata ya kahawa.

"Vipi, shoga? Umeota?"

"Nimeota kijiko."

"Kijiko cha nini?"

"Kijiko tu, Beya. Kimelala mezani."

Beya akafikiri. "Kama ni cha mbao, ni heri. Basi niache nikuotee mimi. Marehemu mama alikuwa akiwaotea watu wa mtaa mzima."

"Jibu langu likalale kwako? Kwani Mungu nyumba yangu haijui?"

Beya akamwotea vivyo hivyo, bila ruhusa, na kesho yake akaja na habari za punda mweusi anayepanda mlima.

"Punda huyo ni wako," Mongia akamwambia. "Mrudishe kwako umpe majani."

Alitania, lakini siku zilikuwa zinakwisha. Maua yakawa yanapungua, vikapu vinakuja nusu. Habari zikashuka kutoka mtaa wa juu kwamba Hedi ameshagawa udongo wake na tanuri limepoa. Mongia akauhesabu ule ukimya kuwa ndiyo hapana yenyewe. Akawa anapika bila chumvi na haoni tofauti.

Beya alionja mchuzi ule siku moja, akaweka bakuli chini. "Niambie kweli. Ulipoinuka kuswali moyo ulikuwa mweupe, au ulikuwa umeshamwekea mtu sahani?"

Mongia akalivuta bakuli, akaanza kuliosha.

"Ndiyo hivyo. Unauliza njia na umeshafika. Halafu istihara si sinema, shoga, ukae kitako ungoje picha. Unaomba, unatembea. Njia ikiwa mbaya, Mwenyewe ataifunga."

Maneno hayo Mongia aliyajua tangu utotoni, na amewaambia wengi. Lakini mganga hajigangi.

Asubuhi ya safari ya Hedi, alijaza chupa kwa marashi ya mkono wa kwanza, yale makali yanayotoka mwanzo wa pishi, akajitanda shuka lake jeupe, akatoka kwenda mtaa wa juu. Alikusudia kupita uchochoro wa nyuma, apate kuyakwepa macho ya watu. Kabla hajaufikia, pale kwenye pembe ya duka la mikate, ukanda wa kiatu ukakatika.

Akakaa kwenye kizingiti, kiatu mkononi, chupa mapajani. Njia imefungwa, kama alivyosema Beya, na tena mbele ya watu wa mikate ya moto. Kwenda mbele hakuweza, na kurudi nyumbani miguu ilikataa.

"Ya Rabi," akasema polepole, "kama ni hapana, mbona umengoja mpaka nimevaa vizuri?"

Akiwa bado ameinamisha kichwa, akasikia mtu: "Lella Mongia, kiatu hicho kinauzwa?"

Hedi huyo, kanzu safi, mfuko begani.

"Si ulikuwa unakwenda kituoni?"

"Nilikuwa naja kwako kuaga. Nimepita barabara kubwa, mfuko mzito."

Mongia akautazama uchochoro, akaitazama barabara. Ukanda ungeshika kidogo tu, angekuwa ameshaingia kule nyuma, na mwenzake anapita huku mbele. Mzee angebisha mlango mtupu, angedhani amekimbiwa, na saa hizo angekuwa ndani ya gari la Sfax. 

"Si Hedi, wewe ulipouliza, uliambiwa nini?"

"Niliamka nina njaa."

"Ndilo jibu hilo?"

"Kwangu ndilo. Tangu mke wangu alipofariki, nilikuwa sijaamka na njaa."

Akakichukua kiatu, akatoa mfukoni ule uzi wa kukatia chungu kikiwa juu ya gurudumu, akaanza kufunga ukanda.

"Udongo umegawa," Mongia akasema. "Uzi unaupeleka Sfax wa nini?"

"Mfuko umeuzoea." Akavuta fundo kwa meno. "Vaa."

Akavaa, akasimama, akajaribu mguu. Akampa ile chupa.

"Baki," akasema. "Na ukija kwangu, miguu uipanguse mlangoni."

Kiatu kile anacho hadi leo. Fundi viatu akijitolea kukitia ukanda mpya, humwambia kimeshatengenezwa. Beya naye hakushindwa. Amekula pilau ya harusi, na mpaka sasa anashikilia kwamba punda yule wa ndotoni hakuwa akipanda mlima. Alikuwa akishuka, anarudi nyumbani, ila yeye alimwona kwa nyuma.