Swali la Baba Kui

Mume wangu Gakuru ni fundi wa mageti hapa Kitengela. Mwaka huo wa 2004 kila mtu alikuwa anajenga kwa ploti yake, na kazi haikumpa nafasi hata ya kukohoa. Lakini mimi sikuringa kwa sababu ya mageti. Niliringa kwa sababu tangu Februari hakuwa ameonja pombe. Miezi kumi! Na kabla ya hapo alikuwa amekunywa miaka kumi na tisa bila likizo.

Sasa, Krismasi. Wee! Mtu aliyeacha pombe hana adui kama Krismasi. Kuanzia Januari mpaka Novemba ndugu hawajui unakoishi. Desemba wanashuka na makreti. Bahati Gakuru alikuwa na ujanja aliofundishwa na wenzake wa kikundi, wale wanaokutana kanisani kila Alhamisi kuambiana ukweli: usikae mikono mitupu. Basi tarehe ishirini na tano alizunguka kutwa nzima na kikombe cha chai kilichojaa. Mtu akija na chupa, yeye anainua kikombe: "Niko na yangu." Alikunywa chai mpaka choo kikawa chake peke yake. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Kasheshe ilikuwa tarehe ishirini na saba. Siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yetu Kui. Kijana mwenyewe ni Mulwa, Mkamba mpole anayefanya kazi kwenye shamba la maua kule Isinya. Tulipanga kila kitu: hema, mbuzi wa kutoka Bisil, mchele, soda. Habari ya pombe hatukuwaambia wakwe. Tuliwaambia mzee ana vidonda vya tumbo. Ni aibu, unajua. Na katika kupanga kote huko, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka pembe.

Kwetu Wakikuyu, wazee wakishaelewana, binti hupewa pembe iliyojaa muratina, ile pombe yetu ya kienyeji, ampelekee baba yake mbele ya watu wote. Baba anamwuliza, "Ninywe?" Akiambiwa anywe, anakunywa, na posa imekubaliwa. Akiambiwa asinywe, basi binti amemkataa mwanamume, na wageni wanafunga safari ya kurudi kwao.

Macharia, kaka mkubwa wa Gakuru, ndiye aliyekumbuka. Asubuhi alishuka na jerikeni ya lita ishirini. Nikamvuta jikoni.

"Wewe Macharia, unataka kuniulia bwana?"

"Mama Kui, ni tone moja tu. Alowanishe midomo. Ama unataka msichana aposwe kwa uji?"

"Afadhali uji!"

"Wazee watatucheka mpaka Pasaka."

Tone moja! Mimi hilo tone nalijua. Mwaka wa 1998 lilianzia kwenye arusi ya jirani, na baada ya siku nne tukampata Gakuru huko Rombo, karibu na mpaka wa Tanzania, bila viatu. Na Rombo hatujui mtu hata mmoja.

Nikamwambia Gakuru. Akasema polepole, "Nikikataa, nimemharibia mtoto. Nikinywa, Mama Kui, nimekwisha." Akavaa koti, akaenda kuketi na wageni. Niliogopa, siwezi kuficha.

Maneno yalikwenda vizuri, mbuzi wakaliwa, watu wakataniana. Halafu Macharia akamwita Kui, akampa pembe. Kui akaja nayo mpaka mbele ya baba yake. Harufu ilinifikia mimi nilikokaa, sembuse yeye.

"Kui," akasema, "ninywe?"

Kui alimtazama Mulwa, akamtazama baba yake.

"Usinywe, baba."

Woi! Macharia aliruka juu. "Amekataa! Msichana amekataa!" Mulwa uso ulimwisha damu. Mjomba wake, mzee Muteti, akaanza kutafuta kofia.

"Sijakataa mtu," Kui akasema kwa sauti. "Mulwa namtaka, kila mtu asikie. Lakini baba yangu alikuwa mlevi na ameacha. Mkono wa kumrudisha huko hautakuwa wangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Muteti akamgeukia Gakuru. "Mzee, ni vidonda ama ni pombe?"

"Ni pombe," Gakuru akasema. "Niko na miezi kumi."

"Sasa si mngesema? Sisi tumekuja kutafuta mke, hatukuja kumwua mwenye boma. Mpeni maji!"

Kui akamwachia Macharia pembe yake, akaleta kikombe cha maji. Gakuru akauliza tena, ninywe? "Kunywa, baba." Akanywa yote, na sisi kina mama tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Waliniona nikilia wakadhani ni kwa sababu binti anaenda. Hata! Miaka kumi na tisa mtu huyu alikunywa, akauza mpaka mabati ya jikoni akayanywa, na hata siku moja hakumwuliza mtu wa nyumba yake kama anywe. Siku hiyo aliuliza. Na alipoambiwa asinywe, hakunywa.