Kitovu cha Mwanangu Hakiko Wanapodhani

Admin, jina langu lifiche, na mtaa ninaokaa usiutaje, maana mawifi zangu wote wamo humu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, Mkamba mzaliwa wa Mariakani, nimeolewa na Mgiriama na tuna mtoto mmoja wa kiume. Ndugu wasomaji, msinitukane kabla hamjamaliza kusoma. Mkimaliza, ruhusa mnayo.

Kabla ya corona, mume wangu alikuwa akiendesha gari lake la kubebea watalii, lile lenye paa la kufunguka, nami nilifua mashuka katika hoteli moja hapa Malindi. Wageni wakapanda ndege wakaenda kwao, hoteli ikafungwa, na nyumba yetu ya Muyeye ikatushinda. Asubuhi moja nilimkuta mume wangu anang'oa viti vya nyuma vya gari. Akatandika godoro, akafunga meko ya gesi karibu na mlango, akaniambia, "Mama, tutaishi humu mpaka dunia itulie." Mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita. Nilidhani anatania.

Hakuwa anatania. Tuliishi ndani ya gari mwaka mzima. Leo Watamu, kesho Kilifi, tukifika Mtwapa polisi wanaturudisha. Palipopatikana kibarua ndipo tulipolala. Kuoga tulioga kwenye vituo vya mafuta, kufua nilifulia kando ya barabara, nguo zangu za ndani zikining'inia kwenye kioo cha pembeni watu wakipita. Mume wangu alikuwa na raha zake. "Wazungu hulipa kulala hivi," alinambia. Nikamjibu, "Wazungu wana nyumba za kurudia."

Nilijifungua hospitalini Kilifi, na baada ya siku mbili nikarudishwa kwenye gari na kichanga changu. Tulikuwa tumeegesha ndani ya kiwanja cha mtu aliyeko ng'ambo, mlinzi wake ni rafiki wa mume wangu. Jua la mchana lilikuwa likitupika humo ndani. Nilimwomba mume wangu anipeleke kwa mamangu Mariakani mpaka mambo yatengemae. Akakataa katakata. "Mke wangu arudi kwao nami niko hai? Watu watasemaje?" Nikamwambia basi twende kwao Ganze. Hilo nalo akakataa, kwa sababu mamake hakujua kama tunaishi garini, na aliogopa kuwapelekea wazee ugonjwa. Niliumia, jamani. Niliona huyu mtu anajali gari na heshima yake kuliko mimi.

Kitovu cha mtoto kilipodondoka, mume wangu alisema, "Kwetu huzikwa bomani kwa baba. Lakini kwa sasa kizike hapa chini ya ukuta, siku moja nitawaeleza wazee." Kisha akaenda zake kutafuta kibarua.

Siku hiyo mamangu alikuja kumwona mjukuu, kapitia njia ya Kaloleni. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba mtoto akitimiza siku arobaini nitamwacha yule bwana na gari lake, nirudi kwetu nisirudi tena. Nikakifunga kitovu kwenye kipande cha leso nikampa mama. Akakikataa. "Mwanangu, hiki ni cha kwa babake. Ukikizika kwetu umemtoa mtoto kwao." Nikamwambia, "Kizike kwako, mama. Huku tuna matairi tu." Akakichukua, na alikizika nyuma ya jiko lake. Mume wangu aliporudi nilimwonyesha udongo niliouchimbua chini ya ukuta. Mwenyewe akatafuta jiwe akaliweka juu.

Siku ya arobaini haijafika, mtoto akashikwa na homa kali. Hospitalini waliruhusu mzazi mmoja tu kuingia. Nikachungulia dirishani saa za adhuhuri nikamwona mume wangu amesimama nje ya lango, juani, mikono imeshika vyuma. Nilipochungulia tena jioni alikuwa palepale. Hasira zikaniisha. Sikuondoka, na mpaka leo sijutii.

Sasa tuna nyumba, kazi imerudi, na mume wangu ni mume wa kutamaniwa. Kila tukipita Kilifi huteremka na mtoto akamwonyesha lile jiwe kupitia geti. "Baba, kitovu chako kiko pale." Mtoto hulipungia mkono. Mimi hubaki garini nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mwezi huu amewaeleza wazazi wake yote. Nilidhani watakasirika. Mama mkwe alilia, akamwambia mwanawe, "Ungekuja tu, hata na gari lako." Baba mkwe anawagawia wanawe mahali pa kujenga, na wanataka mjukuu arudishwe kwao kwa heshima. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Tutaenda wote kwenye kile kiwanja, uchotwe udongo wa pale, upelekwe Ganze uzikwe bomani. Nilipomsalimu shikamoo kwenye simu alinambia, "Marahaba mwanangu. Wewe ndiwe uliyezika, wewe ndiwe utakayechota, na utamke mwenyewe mbele yetu kwamba mtoto umemleta kwao."

Nikisema kweli, mume wangu atajua kwamba wakati yeye analiweka lile jiwe, mimi nilikuwa nimeshamwacha. Atajua pia kwamba mamangu alijua miaka yote hii akala naye sahani moja. Nikinyamaza, nitampa yule mama udongo mtupu aubebe hadi kwake akiamini ni mjukuu wake. Mamangu anasema nisithubutu kutamka uongo juu ya mtoto. Mume wangu ameshanunua kitambaa cheupe cha kuufungia, na kila akirudi kazini ananiuliza kama kinatosha.

Wenye busara, wenye kuzijua mila za Kigiriama, hata wenye kunilaumu, nifungueni macho. Nimwambie mume wangu kabla mamake hajafika, au nichote?