Mishumaa Miwili ya Ijumaa

Ujanja wa keki niliutoa Jeddah. Siku za mapumziko, sisi Wakenya Wakristo tulikutana mtaa wa Ghulail kusali, pazia limeshushwa, na mezani hapakukosa keki yenye mishumaa. Mlango ukigongwa, tunamwimbia mmoja wetu wimbo wa siku ya kuzaliwa. Nadhani kuna dada alitimiza miaka arobaini mara sita.

Baadaye nikapata kazi Riyadh, matroni wa hosteli ya chuo cha wasichana. Mwaka jana walikuja watatu kutoka ng'ambo kusoma Kiarabu. Walikuwa Wayahudi, na hakuna aliyejua ila mimi, kwa sababu mmoja alinifuma nikificha Biblia akaona tunafanana, akaniambia siri yao.

Wakaniomba niwaandalie chochote cha dini yao. Mimi nikipewa kazi ya kupanga sijui kiasi. Nikawatengenezea ratiba nzima: Jumatatu kusoma, Jumatano kupika, Ijumaa chakula cha Sabato chumbani kwangu. Kwenye ubao niliandika "Klabu ya Mapishi". Nilijua tukigunduliwa, wao watarudishwa kwao na kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini, atafuta ikama, kibali changu cha kuishi nchini, nami nipakie mabegi. Niliogopa sana, ila nilijiona mjanja.

Wiki ya kwanza walinieleza kwamba mishumaa ya Sabato ikishawashwa hawaizimi, inaachwa iishe yenyewe. Nikaitikia huku mawazo yangu yako kwenye mkate.

Ijumaa ya tatu, jua halijazama, yule mdogo wao akawasha miwili, akafunika macho kwa viganja, akaomba. Kando ya mikate nilikuwa nimeweka keki yangu ya Ghulail, ili miwili hiyo ionekane ni mishumaa yake. Mlango ukagongwa. Alikuwa mkuu wa hosteli, na hakungoja kukaribishwa.

"Nasikia harufu ya moto," akasema.

"Ni siku ya kuzaliwa, madam."

"Ya nani?"

Kwa mazoea tu, kidole changu kikamwelekea yule mdogo.

Mkuu akatabasamu. "Mabruk. Yalla, zima basi, tukate keki."

Hapo ndipo nilipoelewa upumbavu wangu. Msichana alitazama mishumaa, akanitazama mimi, akaficha mikono chini ya meza. Nikainama nikaipuliza mwenyewe, yote miwili.

"Ana haya huyu, madam," nikasema.

Mkuu hakuitazama keki. Alitazama mikate miwili iliyofunikwa kitambaa, kisha msichana, ambaye machozi yalikuwa yakimtoka.

"Nilisoma ng'ambo miaka minne," akasema polepole. "Niliyekaa naye chumba kimoja naye hakuwa akizima mishumaa yake ya Ijumaa."

Moshi ulikuwa bado unapanda.

"Ikama yako inaisha lini?" akaniuliza.

"Mwezi ujao, madam."

Akatikisa kichwa, akatoka, akaufunga mlango taratibu kama wa chumba cha mgonjwa. Ningeona afadhali angeubamiza, ningejua kama nafukuzwa au nasitiriwa.