Matunda ya Baridi Yenye Harufu ya Moshi

Saa tisa alasiri, Garissa imelala kwa saumu. Soko la mifugo limenyamaza. Mbuzi wamejibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na kivuli kikisogea, nao wanasogea. Katika chumba kimoja cha udongo nyuma ya soko hilo, Maka Barre amelala kifudifudi, shavu karibu ligusane na mchanga. Anatazama moto.

Ni moto mdogo wa buluu, mkubwa kidogo tu kuliko ukucha wa kidole gumba. Unawaka chini ya friji ya mafuta ya taa. Ili auone, Maka ametelezesha kipande cha kioo chini ya friji, na ndani ya kioo hicho moto unaelea kama ua juu ya maji.

"Uko sawa," ananong'ona. Binti yake Rukiyo, wa miezi minane, amempanda mgongoni na kusinzia palepale, mdomo wazi.

Maka ana umri wa miaka ishirini na sita. Anatengeneza mchanganyiko wa matunda, anaugandisha kwenye mikebe, anauuza. Majirani wa bulla yake, mtaa ulio nyuma ya soko, hawana jina refu kwa kitu hicho. Wanakuja mlangoni na kusema, "Tupe baridi."

Mwaka huu wa 1966, baridi imekuwa kitu cha kuotwa. Vita vimefunga njia. Msafara wa malori unaoletwa na askari huja unapokuja, na jua likikaribia kuzama hakuna ruhusa ya kuonekana nje. Ndiyo maana Maka hauzi matunda wakati wa kufuturu. Huyauza mapema, yakiwa magumu kama mawe.

"Saa kumi na moja lazima kila mtu awe amechukua yake," anaeleza. "Unaifunga kwa gunia, unaiweka pembeni, unangoja. Adhana ikitoka, inakuwa imelainika. Ukiifungua mapema utavunja jino. Ukichelewa, unakunywa uji."

Friji yenyewe ilikuwa ya mtumishi mmoja wa serikali aliyehamishwa kwenda Nairobi. Lori halikuwa na nafasi, naye akaibadilisha kwa mbuzi watatu. Lakini ilikuwa imebebwa ikiwa imelazwa, na kwa siku kadhaa haikutoa hata umande.

Jama, fundi wa gereji iliyo karibu na daraja, ndiye aliyeitwa. Aliiangalia, akaguna, akaagiza igeuzwe kichwa chini, miguu juu.

"Dada, friji ikilala safarini hulewa," alimwambia. "Iache ilale hivi mpaka kesho, damu irudi mahali pake."

Watu walikuja kuitazama. Wengine walicheka, wakauliza kama kesho fundi ataipa na dawa ya minyoo. Siku iliyofuata ikasimamishwa, moto ukawashwa, na kufikia jioni Maka aligusa ukuta wa ndani akarudisha mkono haraka.

"Nilidhani nimeungua," anasema akicheka. "Baridi kali na moto, mkono haujui tofauti yake."

Halafu alikosea. Aliona kwamba moto ndio unaoleta baridi, akaupandisha ili baridi iongezeke. Friji ikatoa masizi, matunda yakalegea. Sasa anajua kwamba friji inataka moto wa upole, tena inataka kusimama wima bila kuinama upande wowote. Ameweka bakuli la maji juu yake, na maji yakikaa upande mmoja, anasukumia kipande cha ubao chini ya mguu.

Matunda huyapata kwa wanawake wanaolima kando ya Mto Tana. Hanunui yale mazuri. Anachukua maembe yaliyoanguka yenyewe, ndizi zilizokwisha kuwa na madoa meusi, mapapai yaliyochubuka kwenye kikapu, mapera kama yapo.

"Ndizi yenye madoa ndiyo tamu," anasema. "Watu wanaikataa kwa sababu ya uso."

Sukari ni ghali, kwa hiyo hatumii. Anaziponda ndizi zilizoiva kupita kiasi pamoja na tende mbili tatu zilizolowekwa, anapata urojo mzito. Kisha anakamulia ndimu ili ndizi nyingine zisigeuke rangi. Tikiti maji alilijaribu mara moja akaliacha. "Likiyeyuka linakimbia lote," anasema. "Linaacha nyuzi tu."

Vipande huvitandaza kwanza juu ya sinia ndani ya sehemu ya barafu, visigusane. Vikishika ugumu ndipo anavitia kwenye mikebe ya maziwa ya unga aliyookota na kuosha, anamimina urojo, anaacha nafasi ya kidole juu. Siku za kwanza hakuacha nafasi. Mikebe ilivimba, vifuniko vikaruka, na Rukiyo akaamka akilia.

Mkebe mmoja ni senti thelathini. Akishatoa mafuta na matunda, siku njema humwachia shilingi tatu. Mumewe, Billow, ni utingo wa lori la mizigo, na lori likienda Wajir hukaa huko mpaka msafara mwingine uundwe. Shilingi hizo tatu ndizo unga wa nyumba.

Lakini ukimuuliza Maka kwa nini anataabika na mashine inayotaka kutazamwa kama mtoto mchanga, hataji unga. Anageuza macho polepole kuelekea pembe ya chumba.

Hapo, juu ya mkeka, ameketi mama yake, Ardo.

Ardo ameishi maisha yake yote nyuma ya ngamia, upande wa Hulugho. Miezi minne iliyopita watu wa huko walikusanywa na kuletwa karibu na mji. Watu walipanda malori. Ngamia walibaki nyuma.

Tangu siku hiyo Ardo hajatoka nje ya ua wa binti yake. Hafanyi ugomvi, halii. Anakaa. Na chakula hakimpiti kooni. Alizoea maziwa asubuhi na maziwa jioni, na sasa maziwa hayapo. Maka alimpikia uji. Ardo akaupeleka mdomoni mara mbili, akaurudisha. Maka alimkorogea maziwa ya unga.

"Hii ni chokaa," Ardo alisema. "Ipake ukutani."

Alipoletewa matunda kwa mara ya kwanza, aliyatazama vizuri sana, kama mtu anayetazama mgeni asiyejulikana ukoo wake.

"Wanaokula hivi mtoni ni nyani," alisema. "Nimewaona."

Mkunga wa zahanati alimshika Ardo mkono, akamwambia Maka pembeni kwamba mama huyu asipoanza kula, mvua zijazo hazitamkuta. Maka alimsihi asifunge Ramadhani, maana dini yenyewe imemsamehe mzee dhaifu. Ardo alifunga. Adhana ikitoka, hunywa maji, hula tende moja, basi.

"Namwona anapungua," Maka anasema. Sauti yake inashuka, anampapasa Rukiyo mgongoni. "Huyu wangu ananenepa, yule wangu anapungua. Nikiwashika wote wawili usiku, sijui yupi ni mtoto."

Kuna jambo moja katika kazi ya Maka ambalo hakulifikiria hata siku moja, kwa sababu alizaliwa nalo. Mfugaji hatii maziwa kwenye chombo kabla ya kukifukiza. Hukiinamisha juu ya kijinga cha mti wenye harufu, moshi ukaingia na kukaa. Maziwa hayaharibiki upesi, na yanapata ladha ambayo mtoto wa kule huijua kabla ya kujua jina lake.

Basi Maka alipopata mikebe, aliiosha, akaifukiza. Ilikuwa ni mikono tu iliyofanya, anasema. Kazi hiyo aliifanyia kwenye ua wa jirani yake Hinda, ng'ambo ya njia, ili moshi usimwingie Rukiyo kifuani.

Aliyegundua ni karani mmoja wa kutoka Nyeri, aliyenunua mkebe akaurudisha kesho yake.

"Mama, matunda yako yameungua," alisema.

"Yaungue vipi, na yametoka kwenye barafu?"

Karani alifikiri kidogo, akacheka, Maka naye akacheka. Tangu hapo anamwekea yeye na wenzake mikebe isiyofukizwa. Ile yenye moshi hufungwa uzi mwekundu, nayo ndiyo inayokwisha kwanza. Wapo wazee wa bulla wanaofungua kifuniko wakakaa na pua juu yake mpaka wajukuu waanze kulalamika.

Alasiri hii Hinda amekuja kuchukua mkebe wake. Ni mwanamke mpana, mwenye mzaha, anayeongea akiwa amesimama mlangoni kana kwamba mlango ni wake.

"Abaayo, dada yangu, kuna mawe?"

"Yapo. Lete gunia."

Hinda anainamisha kichwa kumsalimu Ardo, Ardo anaitikia kwa midomo tu. Kisha Hinda anashusha sauti. "Amekula jana?"

"Tende."

"Hii unampa?"

"Nampa kila siku. Anairudisha."

"Ipi? Ya uzi?"

Maka anatikisa kichwa. "Hii nyingine. Ya makarani." Anasita. "Sijampa ya moshi hata mara moja. Itamkumbusha ngamia wake."

Hinda anamtazama rafiki yake, gunia mkononi, bila mzaha.

"Na asipokumbuka," anauliza, "atakula nini?"

Maka anamtolea mkebe. Hinda anafunga mkebe wake, anauweka kwapani, anaondoka bila haraka. Nje, watoto wanavuka njia wamekumbatia mikebe iliyovikwa matambara. Jua limeanza kuwa jekundu upande wa mto. Mlango mmoja unafungwa, kisha mwingine, mpaka njia yote inabaki na vumbi lake peke yake.

Maka amesimama mbele ya friji. Anaifungua mara moja, kwa haraka, kama anavyofungua siku zote ili baridi isitoroke. Anatoa mkebe wenye uzi mwekundu. Anaufunga kwa shali yake mwenyewe na kuuweka kando ya mkeka wa mama yake.

Kisha wanangoja, wanawake wawili na mtoto. Chumba kimejaa mwanga wa rangi ya papai. Maji kwenye bakuli juu ya friji hayatikisiki. Kufunga kwa siku nzima kunafanya vitu vionekane kama vimesogea hatua moja mbali na mtu, na hata sauti ya Rukiyo anayecheza na kifuniko inasikika kama inatoka ua wa pili.

Adhana inatoka.

Ardo anakunywa maji. Anakula tende. Maka anafungua kifuniko, anausogeza mkebe, anajifanya anamfuta Rukiyo pua.

Mkono wa Ardo ulikuwa tayari umeinuliwa kuusukuma. Unabaki hewani. Anainama. Ananusa mkebe.

"Mti gani huu?" anauliza kwa Kisomali.

"Mgunga, Hooyo, mama. Wa hapa nyuma ya soko."

"Mgunga." Analitamka kama jina la mwizi. "Mgunga ni wa kuchemshia chai."

Anachukua kipande cha embe kwa vidole viwili, anakiweka mdomoni, anakiacha kiyeyuke. Amefumba macho.

"Na umezidisha," anaendelea. "Chombo kinafukizwa mpaka kitoe jasho, kisha unakiacha. Nani alikufundisha hivi?"

"Wewe, Hooyo."

Ardo anakula ndizi. Anakula papai. Anafikiri.

"Basi siku hiyo nilikuwa na haraka," anasema.

Rukiyo ametambaa hadi kwenye mkeka. Ardo anampa kipande cha embe akinyonye kwa ufizi. Mtoto anakunja uso wote kwa baridi, anataka tena. Bibi anamwambia kwamba naye ni nyani kama mama yake.

Mkebe ukiwa nusu, Ardo anazungumza tena, bila kumtazama mtu.

"Upo mti wenyewe. Una gome jekundu linalobanduka. Niliuona siku tuliyoletwa, kutoka juu ya lori. Pale barabara inapopinda, kabla ya kizuizi cha askari."

Maka anaujua mpindo huo. Ndiko wanawake wa mji wanakoruhusiwa kuokota kuni, Jumamosi, wakisindikizwa.

"Nitauleta Jumamosi," anasema.

"Wewe? Utauona wapi? Kwako kila mti ni mgunga." Ardo anajifuta vidole kwenye ukingo wa guntiino yake, vazi la kujifunga begani ambalo alikuja nalo. "Nitakuonyesha mimi."

Maka anainama kumfuta Rukiyo mdomo. Anaogopa, ataeleza baadaye, kwamba neno moja lingemrudisha mama yake ukutani.

Ndoto zake nyingine anazisema kwa wepesi. Anataka friji ya pili, ya matunda ya wageni peke yake. Anataka Billow arudi na msafara ujao, inshallah. Anataka njia ifunguke na ngamia wanywe tena mtoni, aone kama maziwa yao yanaweza kulala baridi pamoja na maembe bila kugombana.

Lakini mpango wake wa karibu ni wa Jumamosi. Mpaka kwenye mpindo wa barabara ni mwendo wa zaidi ya saa moja, na miguu ya Ardo haijatembea tangu mwezi wa nane. Kwa hiyo Maka amemwomba Hinda abaki na Rukiyo. Hatabeba kamba ya kuni wala panga kubwa. Atachukua kisu kidogo cha kukatia tawi moja, na atauacha mgongo wake wazi, kwa sababu wakati wa kurudi huenda akambeba mama yake.